Kiti Kinachotazama Nyuma

Lami ilipofika Isongole, baba mkwe wangu alikuwa hawezi tena kuendesha pikipiki. Maisha yake yote aliilaani barabara ile: matope ya masika yaliyomeza magurudumu, vumbi la kiangazi lililoziba chujio la hewa, mawe ya Ileje yasiyo na huruma na tairi la mtu yeyote. Halafu wakaja watu na mashine zao, wakamwaga lami kutoka Mpemba hadi mpakani, nyeusi, laini, yenye mistari myeupe, na miguu yake ikagoma. Alimwambia mume wangu jambo moja tu: anataka kupita juu ya lami ile kwa pikipiki yake mwenyewe, walau mara moja, kabla hajafa. Kubebwa na bodaboda hakutaka. Alisema vijana wale hawaendeshi, wanafukuzwa na kitu wasichokijua.

Mume wangu ni fundi cherehani, na pikipiki anaiogopa kama wengine wanavyoogopa nyoka. Katika ukoo mzima mtu aliyeweza kumbeba yule mzee juu ya chuma chake alikuwa mmoja, ndiye mimi. Na katika dunia nzima mtu ambaye hakuruhusiwa kumgusa, kumtazama usoni wala kusema naye alikuwa huyo huyo. Ili jambo hili lieleweke, itabidi nianze mbali kidogo.

Nilizaliwa Itaka, upande wa Mbozi, kwenye shamba la kahawa. Pikipiki ya kwanza niliyoipenda haikuwa yetu, ilikuwa ya bwana shamba aliyepita kukagua mibuni. Ilikuwa na tabia ya kugoma kila ikizimwa, kwa hiyo akimaliza kazi alituita watoto tuisukume. Wenzangu walipenda kule kukimbia. Mimi nilipenda pale injini inaposhika: inakohoa, inakohoa tena, halafu sauti inajaa na moshi wa buluu unatupiga usoni. Nilibaki nimesimama ndani ya moshi mpaka uishe. Mama alisema nanuka kama kituo cha mafuta na hakuna mwanamume atakayenioa. Alikosea, maana alikuja mshona nguo kutoka milima ya Ileje, mpole, mwenye tepu ya kupimia shingoni, na hakulalamikia harufu yoyote.

Asubuhi ya kwanza baada ya harusi mama mkwe aliniketisha jikoni akanipa sheria. Kwetu Mbozi pia tunawaheshimu wakwe, sikuwa mgeni wa jambo hilo, lakini heshima ya nyumba hii ilikuwa na meno. Nisikutane na baba mkwe njiani. Nisiingie nyumba aliyomo. Nisimtazame, nisile anapoona, nisitaje jina lake, nisimsemeshe wala kumjibu. Nikimwona anakuja niache njia, niingie shambani, nimpe mgongo mpaka apite. Yeye naye alibanwa vivyo hivyo, kwa sababu mzee anayemkodolea macho mke wa mwanawe huonekana hana adabu. Niliuliza mpaka lini. Mama mkwe akacheka mpaka kanga ikamlegea, akasema mpaka mmoja wenu azikwe.

Wanawake wengine walioolewa pale kijijini walipata taabu kweli. Walikuwa wakikata kona wanakutana na baba mkwe uso kwa uso, kuni zinadondoka, aibu tupu. Mimi Mungu alinipendelea, kwani wangu alikuwa na pikipiki. Ujanani alifanya kazi migodini Zambia, na aliporudi alirudi juu ya pikipiki nzito ya Kiingereza, akavuka nayo Tunduma, akapanda nayo milima mpaka nyumbani. Alibebea kahawa, chumvi, vitenge, wagonjwa na mapadri. Sauti yake ilisikika tangu ng'ambo ya kilima. Nikiisikia nilikuwa na nafasi ya kusuuza sufuria, kufuta mikono, kumbeba mtoto na kuingia migombani taratibu, kwa heshima zote.

Sasa mtu akisikiliza injini moja kila siku ili ajue wakati wa kujificha, ataijua hata kama hataki. Nilijua yuko kona gani kwa gia aliyoweka. Nilijua amebeba mzigo au anarudi mtupu. Cheni ikilegea niliisikia ikichapa kava lake, na tapeti za vali zikihitaji kurekebishwa nilizisikia zikigonga kama mwanamke anayepepeta karanga. Nilikaa migombani nimetazama upande wa pili, mtoto mgongoni, nikitabasamu peke yangu. Kama mwiko huo usingekuwepo, sidhani kama ningekuwa fundi.

Ajali yetu ilitokea kwa sababu ya kubana matumizi. Petroli ilikuwa adimu, na baba mkwe akawa na desturi ya kuzima injini juu ya kilima na kujiachia mteremko mzima kimyakimya. Siku hiyo nilikuwa napanda kutoka mtoni na ndoo ya maji kichwani. Nikakata kona, huyo hapo. Mimi nikajitupa mtaroni, ndoo ikaenda upande wake. Na yeye, mzee mwenye adabu zake, akafanya kile ambacho mtu wa Ileje tu angeweza kukifanya akiwa juu ya pikipiki inayoteremka: alifumba macho. Akapitiliza, akaingia kwenye shamba la maharage la jirani, akaanguka.

Tukabaki hivyo. Mimi mtaroni nimempa mgongo, yeye kwenye maharage amenipa mgongo, kila mmoja anaugulia na hakuna anayeweza kuuliza kama mwenzake ameumia. Halafu nikamsikia anaiambia pikipiki, kwa sauti ya juu kidogo, "Wewe chuma, sijui kama kuna mtu aliyeumia hapo." Nikaivuta ndoo nikaigonga kwa ngumi ili ajue bado naishi. Akashusha pumzi. Kuanzia siku hiyo hakuzima tena injini kwenye mteremko ule, petroli iwepo isiwepo, na hakuna mtu aliyewahi kunionyesha ukarimu kama huo bila kunitazama.

Baada ya kuanguka, pikipiki ikawa haitulii. Ilinguruma juu, ikashuka, ikapiga risasi kwenye eksozi. Baba mkwe aliitengeneza nyuma ya uzio wa mianzi uliogawa ua, mimi nikiwa upande wa pili na vyombo vyangu. Alibadilisha plagi, akasugua pointi za cheche, akaitukana kwa lugha za migodini. Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nikamwambia mama mkwe kwamba inavuta hewa ya wizi pale kabureta inapokutana na injini, gasketi imepasuka ilipoanguka. Mama mkwe akaweka mikono kiunoni, akanitazama, kisha akazunguka uzio akafikisha ujumbe. Nikasikia spana. Kisha nikasikia injini imetulia, inazungumza taratibu, na sauti ya mzee ikasema, "Kumbe chuma wewe una daktari wako na hukuniambia."

Hapo ndipo shule yangu ilipoanza. Kila alipofungua kitu, aliiambia pikipiki anachofanya, kwa sauti ya kutosha kuvuka mianzi. Leo nakuondoa kichwa, chuma. Nati hizi nazilegeza kwa msalaba, usije ukapinda. Ringi zako zina midomo, midomo isikae mstari mmoja. Akimaliza aliweka kifaa kwenye ungo, mama mkwe akauleta upande wangu, nami nikakigeuza, nikakinusa, nikakipapasa kwa kidole mpaka nikakielewa. Kama nilikuwa na swali nilimnong'oneza mama mkwe, naye alilibeba huku akilalamika kwamba yeye ni mwanamke mzima ameolewa kwa ng'ombe na sasa amegeuzwa simu. Alilalamika hivyo miaka yote, na hakuwahi kukataa kwenda. Jioni moja alinieleza tofauti ya pistoni ya saizi ya kwanza na ya pili kabla sijauliza, akashtuka mwenyewe.

Hata kuendesha alinifundisha hivyo hivyo. Jumamosi moja jioni nilimsikia anaiambia pikipiki kwamba kesho yeye atakwenda kanisani kwa miguu, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya. Akaieleza kwamba klachi yake iko laini, mtu akiiachia polepole haitaruka, na kwamba breki ya nyuma ndiyo rafiki, ya mbele ni ya kuazima. Jumapili mimi na mama mkwe tukaikuta imeegeshwa uani na tangi limejaa. Nilianguka, nikainuka, nikaizima, nikaiwasha, nikazunguka uwanja wa shule mpaka nikaizoea. Halafu mama mkwe akakunja kanga yake akapanda nyuma, akasema twende. Tukateremka mpaka Isongole yeye akiimba pambio kwa nguvu zake zote, nusu kwa furaha na nusu kwa hofu. Watu walitoka madukani kuangalia. Nilikuwa na furaha ambayo mpaka leo sijapata pa kuiweka.

Kazi ya mume wangu ikatupeleka Tunduma. Yeye akafungua cherehani zake, mimi nikaezeka mabati matatu pembeni, nikaanza gereji. Wanaume walikuja kucheka kwanza, wakarudi baadaye wakisukuma pikipiki. Nimefufua za kila aina: za Kijapani za mashirika zilizozeeka, za Kihindi, za Kichina zinazoingia mjini kama kumbikumbi wakati wa mvua. Waendao Ivuna kwenye chumvi waliniletea fremu zilizoliwa na kutu mpaka unaona mchana ndani yake, nikazichomelea, nikawafokea, nikawaambia waoshe pikipiki kwa maji baridi kabla ya kuoga wao wenyewe. Wateja wa ng'ambo ya mpaka, Wazambia, walisalimia kwa heshima mukwai nami nikajibu mukwai, na bei tukaelewana kwa vidole. Wote walijua kwamba yule mama ana wazimu kidogo, anaongea na injini. Sikuwaeleza. Ndivyo nilivyofundishwa kazi, sikujua namna nyingine.

Kila sikukuu tulipanda Ileje, na mianzi ilikuwa palepale. Nililipeleka upande wa pili swali la klachi iliyonishinda, naye akaijibu pikipiki yake. Kisha mama mkwe akaugua, akafa katika msimu wa baridi. Nililia sana. Nililia kwa ajili yake, na nililia kwa sababu upande wa pili wa uzio kulikuwa na mtu aliyefiwa na mke wake na mimi sikuwa na njia ya kumwambia pole. Mume wangu alijaribu kushika kazi ya mama yake, lakini alikuwa akifikisha "kabureta" ikawa "radieta", na mzee akaacha kuuliza. Halafu magoti yake yakaisha. Pikipiki ikafunikwa gunia, na sauti ile haikuvuka tena mianzi.

Kwa hiyo aliposema anataka kupita juu ya lami, nilielewa kuliko mume wangu aliyeniletea habari. Nilimwambia aitishe wazee wa ukoo mara moja, kabla hajaanza kuogopa.

Kikao chenyewe sikukihudhuria, bila shaka, ila niliketi nyuma ya dirisha la jiko. Walijadili kama vile wanagawa nchi. Mmoja alisema nivae koti nene, kwani koti si mwili. Mwingine akasema kugusa ni kugusa hata uvae blanketi. Wa tatu akauliza kama kiti cha pikipiki kihesabiwe kama mkeka mmoja, maana mkeka mmoja umekatazwa. Mwishowe mkubwa wao akakumbusha kwamba dawa ipo: baba mkwe humkabidhi mkwewe kitu chenye uhai mbele ya shahidi wa ukoo, kuku anatosha, na mwiko unafunguka. Kila mtu pale alijua dawa hiyo hutumika lini. Hutumika mzee anapolala hajiwezi na hakuna mwingine wa kumwosha. Mtu akimtoa kuku huyo, kesho majirani huanza kuulizia mbao za jeneza.

Baba mkwe alisema hapana. Alisema, nami nilimsikia vizuri, kwamba yeye anataka kwenda barabarani, hajasema anataka kwenda kaburini. Kikao kikaisha hapo na wazee wakala.

Nilirudi Tunduma nimekasirika. Niliwakasirikia wazee, mzee, lami, hata mume wangu ambaye hakuwa na kosa lolote ila kuwa karibu. Nilimfokea kila aliyeleta tairi la kuziba. Nikiwa kwenye hali hiyo, nikaona bodaboda inapita kwenye barabara kuu katikati ya malori: dereva mbele, na nyuma yake abiria amekaa kinyumenyume, amempa dereva mgongo, ameshikilia mikono ya toroli linalofuata nyuma likiruka. Abiria yule alikuwa ametulia kabisa, anakula muhogo. Nikaweka spana chini. Mgongo kwa mgongo. Si ndivyo tulivyoishi miaka yote, mimi na mzee wangu?

Tulikwenda kuichukua pikipiki kwa gari la viazi. Nilipoondoa gunia nilikuta panya wamezaa ndani ya chujio la hewa. Niliifungua yote, mpaka nati ya mwisho, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona vikiwa mahali pake vitu ambavyo nilikuwa nimevijua kwenye ungo tu. Pistoni niliitafuta Tunduma nzima, nikaipata ya pikipiki nyingine, nikaichongesha ikaingia. Sahani za klachi nikatoa kwenye ya Kichina. Spoku nilizinyoosha moja moja. Niliimba nikifanya kazi, na wateja walisubiri bila kunisumbua, kwa kuwa waliona hii ni ya nyumbani. Nyuma ya kiti cha dereva nikachomelea kiti kinachotazama nyuma, chenye mikono kama cha mhubiri na mkanda wa kumfunga, na katikati ya migongo miwili nikasimamisha ubao wa mninga uliofika juu ya mabega. Mume wangu aliushonea ubao foronya ya sponji pande zote mbili. Ilikuwa mara yetu ya kwanza kufanya kazi kwenye kitu kimoja na alijisifu nayo mwezi mzima.

Wazee walipoiona waliizunguka na kuugonga ubao kwa vidole. Wakasema hakuna neno. Walionekana wamefurahi kupita kiasi, kama watu ambao walitaka jambo liwezekane tangu mwanzo na hawakujua pa kupitia.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua baada ya ukungu. Nilipanda mimi kwanza, nikatazama mbele, nikashika breki. Nyuma yangu nikasikia miguu ya watu, mikongojo ya mzee ikilalamika, mume wangu akisema taratibu, taratibu. Shokapu zikashuka kidogo tu. Nilishangaa alivyo mwepesi. Sauti ile niliyoijua kuliko ya baba yangu mzazi ilikuwa ya mtu mkubwa. Nikapiga kiki, injini ikashika mara moja, na kijiji kizima kikapiga makofi.

Tukashuka kwenye vumbi mpaka barabara kuu, mume wangu akitufuata juu ya bodaboda, amemkumbatia dereva na kufumba macho. Halafu magurudumu yakapanda juu ya lami na kelele zote zikakoma. Mawe yakakoma. Ikabaki injini na upepo. Nikaongeza mafuta. Nilisikia mzee anaiambia pikipiki, "Chuma, tulizaliwa mapema mno," na nikacheka bila sauti ili ubao usimpelekee.

Mwanzo alifurahi. Aliwapungia watoto waliokuwa wakikimbia nyuma yetu, aliwasalimia wanawake wa viazi kwa majina. Lakini kadiri tulivyokwenda salamu zikapungua. Kisha akagonga ubao, mara moja, kwa nguvu. Nikasimama pembeni, nikidhani nimemuumiza. Mume wangu akafika, akashuka, akamuuliza baba yake kuna nini.

Baba mkwe alisema anaiona lami yote inavyokwisha na hajaiona hata mara moja inavyokuja. Alisema amekaa kama mzigo. Akamwagiza mwanawe aende kwa yule mama aliyekuwa akiuza kuku pale kando ya barabara, amnunulie mmoja.

Mume wangu hakusogea. "Baba," akasema, "unaumwa?"

"Siumwi. Nataka kuona mbele. Lete kuku."

Akaenda, akarudi na jogoo mweupe mwenye hasira, miguu imefungwa kamba. Mimi bado nilikuwa nimetazama mbele, mikono kwenye usukani. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Mume wangu akamfungua baba yake mkanda, akamsaidia kushuka, wakazunguka pikipiki polepole mpaka mikongojo ikasimama mbele ya gurudumu la mbele. Nikainamisha macho nikaona viatu. Viatu vyake nilikuwa navijua, maana viatu ndivyo vilivyoonekana chini ya mianzi.

"Mama," akasema, na safari hii hakuwa anaongea na pikipiki. "Pokea."

Nilishuka, nikapiga magoti pale kwenye bega la lami, nikapokea jogoo kwa mikono miwili. Halafu nikainua macho. Alikuwa mzee mdogo, mwenye masikio makubwa ya mwanangu wa pili, na macho yaliyokuwa yakitoka machozi ambayo nisingeweza kusema kama ni ya upepo. Alinitazama muda mrefu na wala hakuona haya. Akasema kwamba alidhani mimi ni mrefu zaidi. Mume wangu, shahidi wa ukoo, alikuwa analia waziwazi kando ya dereva wa bodaboda.

Nikachukua spana nikafungua ubao. Kiti nikakigeuza, kwa kuwa bolti zake zilikuwa nne tu na nilikuwa nimezifunga mwenyewe. Tukamketisha tena. Jogoo nikamning'iniza kwenye usukani, naye alitusema vibaya njia nzima. Nilipowasha, baba mkwe aliweka mikono yake juu ya mabega yangu, mmoja kisha mwingine, taratibu, kama mtu anayejaribu kama chuma bado kina moto. Kisha akashika sawasawa.

Tukaenda. Lami ilitujia, kona baada ya kona, na kila iliyokuja aliitaja kwa jina lake la zamani: hapa nilikwama na kahawa, hapa nililala na mgonjwa, hapa nilivunja spoku. Sasa hapakuwa na kitu cha kuogopa, ni mistari myeupe tu. Alipiga kelele za furaha sikioni mwangu nikasikia raha mpaka tumboni. Tulipofika kwenye kile kilima cha mwisho kabla ya Isongole, injini ikaanza kulemewa, na kabla sijagusa chochote mzee akanipiga begani.

"Gia, mama. Shusha gia. Husikii?"

Miaka yote nilikuwa na majibu ya kumpa mtu huyu na sikuwahi kufungua mdomo. Nilishusha gia, kwa wakati wangu, pikipiki ikavuta. Halafu nikageuza kichwa kidogo.

"Baba," nikamwambia, "anayeendesha ni mimi."

Nilihisi anacheka kabla sijamsikia, kifua chake kikitikisika mgongoni mwangu, na akaendelea kucheka mpaka juu ya kilima.